Uso wa Pili wa Chekechea

Baba Pacha aliingia ofisini kwa Mwalimu Jumatatu asubuhi na akakataa kukaa. Alikuwa dereva wa lori la saruji, mwanamume wa kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, lakini siku hiyo aliongea huku ameangalia miguu yake kama mtoto aliyejikojolea.

"Nimekuja kuwachukua watoto, mwalimu."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Nawahamisha tu."

"Katikati ya muhula? Wote wawili?"

"Wote wawili."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Chekechea ile ilikuwa yake, vyumba vitatu na uwanja wenye bembea mbili, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mzazi aliyemhamisha mtoto bila kutoa sababu, hata kama ni ya uongo. "Basi niambie tulipokosea, baba. Nisije nikamkosea na mwenzako."

Dereva alitoa simu, akabonyeza, akaisukuma mezani, kisha akageuka kuangalia ukuta wenye picha za matunda. Juu ya kioo cha simu kulikuwa na jina la chekechea na nembo yake ya kipepeo. Chini ya kipepeo paliandikwa: Dawa ya kuongeza nguvu za kiume, matokeo ndani ya siku tatu, siri yako ni siri yetu. Pembeni kulikuwa na mwanamume asiye na shati, na mwanamke aliyeziba mdomo kwa mshangao.

"Mke wangu alikuwa anatafuta namba ya ofisi yako," dereva aliuambia ukuta. "Alikuwa amekaa na mama yake. Mama mkwe wangu, mwalimu. Ndiye aliyeshika simu."

Mwalimu aliivuta kompyuta yake, akafungua tovuti ya shule palepale. Kipepeo kikatokea, watoto wenye rangi viganjani wakatokea, na maneno aliyoyatunga mwenyewe yakatokea: Tunalea kwa upendo. Hakuna dawa, hakuna mwanamume. Akakigeuza kioo kwa nguvu.

"Unaona? Hii ndiyo tovuti yetu, safi kama ilivyo. Hayo uliyo nayo ni uchafu wa simu yako, baba. Simu humfuata mwenyewe anakopita."

Alisema kwa sauti ya darasani, na mlango ulikuwa wazi. Mama wawili waliokuwa wakingoja barazani waliangaliana na mmoja akacheka puani. Shingo ya dereva ilivimba. Alikwenda darasani akawatoa wanawe, mmoja kavaa viatu vya mwenzake, akawapakia kwenye lori.

Mpaka mchana picha ile ilikuwa imefika kwenye kundi la wazazi simuni. Chini yake mtu aliandika: Jamani, tumeambiwa ni uchafu wa simu zetu. Jumanne watoto watano hawakuja. Mpaka saa ya kufunga waliohamishwa walikuwa wamefika kumi na mmoja, kati ya sitini na wanne, na mpishi wa uji akauliza kama apunguze maji.

*

Jioni ya Jumanne walikuwa watatu mezani: Mwalimu, mumewe, na binti yao wa mwisho.

Mume alikuwa msoma mita za maji mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kiwanja, na si kwa heshima. Miaka mitatu nyuma alitoa kiinua mgongo chake chote kununua kiwanja alichokiona kwenye simu, chenye picha, ramani na mhuri. Alipokwenda kupima akakuta ni makaburi, tena yenye wenyewe. Aliyembandika jina hilo ni mkewe, kwa hasira, siku ileile, na jina likatoka nje ya nyumba kabla hasira haijapoa. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na sheria moja: ujumbe wa mtu usiyemjua haujibiwi, haubonyezwi, unafutwa. Sheria aliitunga Mwalimu, na kila alipoifuata alimwangalia mumewe.

"Huyu mwingine naye kaja tena," alisema, akishika simu mbali kidogo na macho. "Barua ya tatu hii. 'Ndugu mmiliki wa tovuti, mimi ni mtafiti wa usalama wa mtandao. Katika kazi yangu nimegundua kwamba tovuti yako imepandikizwa kurasa usizozijua. Sihitaji malipo.' Hahitaji malipo! Wewe mume wangu, yule wako wa kiwanja naye si alianza hivyohivyo?"

"Yule alitaka malipo," mzee alisema taratibu.

"Ndiyo ujue wamesoma zaidi siku hizi."

Binti alicheka. Walimwita Kitinda, kwa kuwa alikitinda kizazi cha mama yake. Alikuwa na shahada, na kwa miaka miwili baada ya shahada alikaa bure, mpaka akapata kazi ya kuandika makala mtandaoni. Alifanyia hapohapo mezani, asubuhi, wazazi wakiwa kwenye shughuli zao. Kazi hiyo ndiyo iliyowasha umeme wa nyumba na kumnunulia mzee dawa za presha, na Mwalimu hakupita kwa jirani bila kuitaja. Wenzake wanasoma wanazurura, wangu analipwa akiwa amekaa na khanga.

"Lakini hili la picha, mwanangu, ni nini? Mbona mimi sioni?"

"Ni simu zao, mama. Watu wanaingia pabaya, matangazo yanawafuata. Likae siku mbili tatu, litapita."

"Kumi na mmoja wakihama kila wiki, siku mbili tatu nyingi. Kodi ya jengo inalipwa na ada, si na kipepeo. Wakiondoka ishirini, nafunga."

"Litapita mama. Mpaka Ijumaa litakuwa limekwisha."

Alisema Ijumaa kwa sababu aliijua Ijumaa. Kurasa zile alizipandikiza yeye. Mtu mmoja asiyemjua kwa sura, anayejiita Bosi, alimlipa kila mwezi kwa kurasa za dawa na kamari alizoziandika na kuzificha ndani ya tovuti zenye jina zuri, ili mtandao uziamini na kuzipandisha juu. Tovuti changa hazikufaa. Bosi alitaka kongwe, yenye heshima, na Kitinda hakujua nyingine zaidi ya ile aliyomtengenezea mama yake. Aliona kama kukodisha chumba cha uani ambacho mwenye nyumba haingii. Bosi akamfundisha na hila: mwenye tovuti akiifungua moja kwa moja aione safi, ila anayefika kwa kutafuta ndiye aone duka. Wateja wa dawa wangepita mlango huo, mama asijue. Hakufikiria kwamba na wazazi hutafuta.

Angeweza kuzitoa usiku uleule wa Jumatatu. Lakini malipo yalikuwa Ijumaa, na Bosi hulipa kwa kurasa anazozikuta zimesimama siku hiyo. Akizitoa leo, mwezi mzima umekwenda na maji. Akajiambia siku tatu si nyingi, akaongeza mchuzi.

*

Mtafiti alikuja mwenyewe Jumatano, saa nne.

Alikuwa kijana wa chuoni mwenye miwani, wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka kola imeanza kuchanika, na begi ambalo mkanda wake umefungwa kwa waya. Alisema shikamoo, akasema jina la chuo chake, akatoa kitambulisho. Mwalimu alikigeuza kitambulisho mbele na nyuma kama mtu anayekagua samaki.

"Wewe ndiye wa barua tatu."

"Ndiye, mama. Niliona hujajibu, nikasema pengine hazijafika."

"Zilifika. Nilizifuta. Kaa."

Kiti cha wageni kilikuwepo, kimejaa madaftari, na Mwalimu hakuyaondoa. Akamwonyesha kwa kidole kiti cha plastiki cha mtoto. Kijana alikaa, magoti yakamfika kidevuni, begi kalikumbatia. Msaidizi wa darasa alichungulia mlangoni akaondoka na mkono mdomoni.

"Haya. Unataka nini?"

"Sitaki kitu, mama. Nachunguza tovuti za shule, kuona ngapi zimepandikizwa. Nimezipata thelathini na mbili. Yako ni mojawapo, na ndiyo ya watoto wadogo kuliko zote. Sikulala vizuri."

"Kwa ajili ya tovuti yangu?"

"Nina wa miaka minne, mama."

Akamwomba achukue simu yake mwenyewe, asiandike anuani ya shule, ila alitafute jina la shule kama mzazi mgeni angetafuta. Mwalimu alitafuta. Kipepeo, kisha mwanamume asiye na shati, kwenye simu yake yeye, aliyoinunua kwa jasho lake na asiyopita nayo pabaya popote. Alimkumbuka dereva wa lori akiongea na ukuta.

"Ukurasa huu unaangalia umetokea wapi," Mtafiti alisema. "Ukija moja kwa moja, unakuonyesha uso wa shule. Ukija kwa kutafuta, unakuonyesha uso wa pili. Kwa hiyo mwenye mali huwa wa mwisho kujua."

Hapo Mwalimu aliyaondoa madaftari kwenye kiti. Akaagiza chai. Aliye taabani hushika hata mtu aliyemtukana dakika kumi zilizopita, na kijana hakuwa na kinyongo, alikunywa. Akaeleza kwamba ili aone zimeingiaje, lazima aingie ndani, na kwa hilo anahitaji neno la siri. Ni afadhali mama aliandike mwenyewe, alisema, yeye asilijue. Mwalimu hakuwa na muda wa adabu hizo. Alichana ukurasa wa daftari la mahudhurio, akaliandika neno la siri kwa mwandiko wake wa ubaoni, mviringo na wazi, akampa.

Kijana alifanya kazi karibu saa nzima. Kisha akaacha kubonyeza.

"Mama, nani mwingine ana neno hili?"

"Kwa nini?"

"Hapa hakuna aliyevunja. Kuna kumbukumbu humu ndani, kila anayeingia huandikwa. Kurasa hizi zimewekwa kwa neno lako la siri. Zimeanza miezi mitatu iliyopita. Siku za kazi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, kutoka sehemu moja tu." Akasita. "Aliyeingia alikuwa na ufunguo."

"Neno hilo ninalo mimi na binti yangu. Yeye ndiye aliyeitengeneza tovuti. Ana shahada."

Mtafiti aliangalia chai yake. Hakusema neno, na kimya chake ndicho kilichomuudhi Mwalimu kuliko neno lolote.

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu, mama. Nasema umuulize yeye kwanza, wewe mwenyewe, nyumbani, kwa upole. Pengine alilitoa kwa mtu. Ningependa ninakili kumbukumbu hizi kabla hatujafuta..."

Mwalimu akaifunga kompyuta. Ilifungika kwa kishindo kwenye vidole vya kijana.

"Kesho saa nane nimeita wazazi wote. Utakuja uwaeleze hayo ya nyuso mbili. Ya ufunguo utayaacha hukohuko kwako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Jioni alimuuliza binti yake, ila aliuliza kama mtu anayeonja uji wa moto. "Lile neno la siri la tovuti, mwanangu, hukumpa mtu?"

"Hapana, mama. Nimpe nani?"

"Nimeuliza tu." Na hakuuliza tena. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kwa miaka ishirini na sita, anamjua mtoto aliyekula sukari kabla hajafungua mdomo. Alikwenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

*

Alhamisi wazazi walijaa darasa kubwa, wengine wamesimama kwenye madirisha. Kitinda aliletwa kuunganisha kompyuta na televisheni. Mtafiti alikaa pembeni na begi lake.

Mwalimu alianza vizuri. Alifungua tovuti kwenye televisheni, safi, kipepeo kikubwa kama sinia. Akaeleza kwamba shule haijauza wala haitauza dawa. Baadhi wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Ndipo Baba Pacha, aliyekuja bila kualikwa, akasema kutoka mlangoni:

"Itafute, mwalimu. Usiifungue. Itafute, kama sisi wenye simu chafu."

Mkono wa Kitinda ulikuwa kwenye kompyuta. Haukusogea. Mama yake akamwangalia, darasa zima likamwangalia, akaandika.

Mwanamume asiye na shati alijaa televisheni nzima, juu ya ubao wenye herufi za a, e, i, o, u. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko kibaya kisicho na furaha. Bibi mmoja alimziba macho mjukuu wake. "Wauzie na watoto basi!" sauti ilisema nyuma. Nyingine ikajibu, "Ndiyo maana uji wa hapa una nguvu." Mwalimu alisimama mbele yao na mikono imekunjwa kifuani, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyewafundisha nusu ya wazazi wale kufunga kamba za viatu, na machozi yakamtoka mbele yao.

Mtafiti hakuweza kuvumilia. Alisimama akaeleza, haraka haraka, jinsi uso wa pili unavyofanya kazi, jinsi kurasa zinavyopandikizwa, kwa nini zinapendelea shule. Alieleza vizuri mno. Kadiri alivyoeleza ndivyo darasa lilivyonyamaza, na hakikuwa kimya cha shukrani.

"Wewe ni nani hapa?" aliuliza Afande. Alikuwa askari wa kituo cha karibu, binti yake yuko darasa la kati, na siku hiyo alikuja na sare.

"Mimi ni mtafiti."

"Una mtoto hapa?"

"Hapana."

"Unafanya kazi hapa? Umelipwa?"

"Hapana. Najitolea."

"Kwa hiyo unajua zilivyoingia, unajua zilivyojificha, unajua na zitakavyotoka. Bure." Afande aliwageukia wazazi. "Kwetu kazini, mtu anayejua mwizi alipopita kuliko mwenye nyumba, tunalijua jina lake."

Wakacheka, na safari hii kwa raha. Walikuwa wamepata mtu. Afande alichukua begi, akalimwaga mezani: kompyuta kuukuu, nyaya za umeme, kopo la chakula, na karatasi ya daftari la mahudhurio iliyokunjwa mara mbili. Aliikunjua akaisoma, akainyanyua juu.

"Mwandiko huu wa nani?"

Kila mzazi aliujua. Ulikuwa ubaoni nyuma yake.

"Mwalimu, hili ni neno la siri la tovuti yako?"

"Ndilo."

"Ulimpa wewe?"

Kijana alimwangalia kwa matumaini kabisa, akatikisa kichwa kidogo kumhimiza. Lilibaki neno moja. Aseme jana. Mwalimu alimtazama yeye, akamtazama Kitinda aliyekuwa akikunja waya wa televisheni.

"Nilimpa," alisema Mwalimu. Akanyamaza.

"Mama, waambie ni jana," Mtafiti alisema. "Mama?"

Lakini watu walikuwa wameshasimama, na mtu alimsukuma, na mwingine akamvuta kola ile iliyoanza kuchanika ikamalizika. Baba Pacha peke yake hakumgusa. Alikuja mbele akampa Mwalimu mkono, mbele ya wote.

"Nisamehe, mwalimu. Kumbe ulirogwa na huyu. Kesho nawarudisha wangu."

*

Nyumbani Mwalimu hakumpiga binti yake. Kitinda angependa kupigwa. Mama alivuta kiti, akakaa mbele yake, saa kumi na nusu ya jioni, jua bado liko dirishani.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Unalipwa na nani?"

"Simjui, mama, anajiita Bosi. Ni kesho tu. Kesho wananilipa, nazitoa zote, naapa. Nilidhani hakuna atakayeona. Dawa za baba, umeme..."

"Usimtaje baba yako."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, na hakuna aliyemwona, kama kawaida. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Akaketi. "Mke wangu, yule kijana yuko ndani, kituoni. Nimesikia sokoni. Wamemvua viatu na miwani. Twende tukaseme."

"Tukaseme nini?"

"Kwamba ulimpa jana. Neno moja tu."

"Na wakishajua si yeye, watauliza ni nani. Utawajibu wewe? Utamshika mwanao mkono umpeleke?"

"Atakwenda na wazazi wake, kama mtu. Atasema alikosea. Mimi nimewahi kutapeliwa, najua mtu anakuwaje akiwa hana kosa na hakuna anayemsikiliza. Nilikaa kituo hichohicho siku mbili, nikiwaeleza habari ya kiwanja changu, wakinicheka. Usimfanyie mtu hivyo."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizotoa katika miaka mitatu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Na kwa muda mfupi alitaka kusimama, kuchukua mtandio na kwenda. Kisha akawaza watoto hamsini na watatu wakiondoka mmoja mmoja mkono wa wazazi wao, na Afande akimfunga Kitinda pingu mbele ya televisheni ile.

"Wewe uliyenunua makaburi," alisema, "leo ndiyo unatufundisha kutofautisha tapeli na mkweli?"

Kitinda aliangalia sakafu. Kisha mzee akasimama, akaenda chumbani, akasahau kuvua viatu.

*

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikwenda kutoa maelezo. Kituoni walimpa kiti kizuri, wakamfutia vumbi. Afande ndiye aliyeandika.

Mtafiti aliletwa. Alikuwa pekupeku, jicho moja limefura, na bila miwani aliuelekeza uso wake mahali alipodhani Mwalimu amekaa. Pembeni ya mlango, nje, mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa akiwauliza askari kama anaweza kumpa mumewe chai.

"Barua zako tatu tumezisoma," Afande alimwambia. "Mwizi unayepiga hodi."

"Nilikuwa namwonya, afande."

"Ulikuwa unamtisha. Haya, mwalimu. Neno la siri ulimpa kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alisema ni mtaalamu."

"Na kurasa hizi, yeye mwenyewe amekiri, zimeanza miezi mitatu iliyopita. Sasa hili nataka lisikike vizuri, kwa sababu ndilo litakalokwenda mahakamani. Ulimpa lini?"

Kijana hakulia wala hakumlaani. Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mzima aliyesahau: "Ilikuwa Jumatano, mama. Uliniagizia chai. Sema tu siku."

Nje mtoto alianza kulia, na mama yake akaanza kumbembeleza. Mwalimu alimsikia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye aliujua, na ndiyo maana alijua vizuri kabisa anachokifanya.

"Miezi mitatu iliyopita," alisema.

Mtafiti aligeuza uso wake. Kisha akasema, si kwake bali kwa Afande: "Zipo kumbukumbu ndani ya tovuti. Kila aliyeingia, saa na mahali alipokuwa. Nendeni mkaangalie. Siombi kingine. Angalieni tu."

Afande aliandika na hilo. "Mtaalamu wetu atakuja kwako Jumatatu, mwalimu. Ni utaratibu tu." Akamgeuzia karatasi, akamwonyesha pa kuweka sahihi, akamsifu kwa mwandiko.

Alirudi nyumbani akitembea upesi. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa umefungwa. Kitinda alikuwa mezani, kompyuta wazi, macho mekundu.

"Wamelipa, mama. Nimezitoa zote. Itafute uone. Safi."

"Na hizo kumbukumbu? Za nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi?"

"Hizo zipo. Ni sehemu nyingine."

"Zinafutika?"

"Zinafutika."

"Futa. Wakiuliza, tutasema tulikuwa tunasafisha ili wazazi warudi."

Kitinda alizifungua. Mistari ikajaa kioo, siku baada ya siku, saa tatu, saa nne, saa tano, karibu yote kutoka meza ile. Mstari mmoja tu ulitoka shuleni, wa Jumatano. Akaondoa mikono.

"Mama, hiki ndicho kitu pekee kitakachomtoa. Nikifuta hiki, hana kingine. Ana mtoto mama. Tumwache Bosi, tuuache umeme, mimi nitakwenda. Nitasema ni mimi."

"Najua hana kingine."

"Basi siwezi."

Mwalimu alizunguka meza akasimama nyuma ya kiti cha binti yake. Akainama, akauchukua mkono wake wa kulia, ulikuwa wa baridi na ulikuwa ukivuta kurudi nyuma. Akaushika kutokea juu kama anavyowashika wa mwaka wa kwanza wanapoogopa kuandika herufi, bila ukali, vidole vyake juu ya vidole vya mtoto. "Usiogope," alimwambia. "Twende pamoja." Wakabonyeza.